Jiliwa la Mzee Sahihi

Katika maisha yake yote Mzee Sahihi hakuwahi kukosea. Kosa lilipotokea karibu naye lilikuwa la chuma, la umeme, la mteja, la hali ya hewa, au la mtu yeyote aliyekuwa na bahati mbaya ya kusimama jirani. Aliwahi kufunga mlango wa chuma kwenye duka la dawa, ukawa unagonga nguzo na kuishia nusu. Aliwaeleza wenye duka kwamba mlango unaofunguka wote huingiza vumbi. Wenye duka wakaanza kuingia dukani kwao kiubavuubavu kama kaa, na hata walipohama walimwachia mpangaji mpya maelezo hayohayo. Jina lake la ufundi alilipata kwa tabia yake ya kuipiga kofi kila kazi iliyokwisha na kutamka, "Sahihi," kabla mteja hajafumbua kinywa. Baada ya hapo, aliyetaka kulalamika alionekana kama mtu anayebishana na mahakama ya rufaa.

Siku hizi mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na macho kuona nati mbili penye moja, naye akastaafu kwa heshima zote, yaani alikitoa kiti chake ndani ya karakana akakiweka mlangoni mwa karakana. Kutoka hapo aliendelea kusimamia kazi ambayo haikuwapo. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: dirisha moja lenye kioo kilichozibwa kwa kifuniko cha kopo la rangi, meza ya kazi ya ubao mnene uliokunywa mafuta mpaka ukawa mweusi, na ukuta uliochorwa vivuli vya nyundo, spana na misumeno ili kila chombo kijue kwao. Vyombo vingi vilikuwa vimeazimwa na majirani wanaodhani kuazima ni kupewa kwa lugha ya adabu. Vivuli tu ndivyo vilivyobaki ukutani. Na juu ya meza, kwenye kona, chini ya gunia, ndipo lilipokaa jiliwa.

Jiliwa ni lile taya la chuma linalofungwa kwenye meza ya fundi ili ling'ate kitu kisikimbie wakati kinapigwa tupa au msumeno. Unazungusha mpini, skrubu nene inavuta, taya la mbele linalifuata la nyuma, na kilichonaswa katikati kinatulia kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Hili la Mzee Sahihi lilikuwa zito hata siku lilipoingizwa humo wabebaji waligombana na hawakusalimiana tena. Lilikuwa pia na siri moja, aliyoijua Mzee peke yake, iliyomsumbua kuliko jino bovu.

Siri yenyewe ni hii. Enzi za nguvu zake, Mzee alikuwa akiwakataza wanafunzi wake kuugonga mpini wa jiliwa kwa nyundo. Aliwakataza kila asubuhi, kama dua. Kisha siku moja, akiwa peke yake na ana haraka, akaugonga kwa nyundo, na skrubu ikakatika. Kumpelekea mkereza vyuma skrubu iliyovunjika kungekuwa sawa na kutembea mtaani na kengele shingoni, kwa sababu mkereza huyo alikuwa na ulimi unaozunguka kasi kuliko mashine yake. Basi Mzee akachukua mche wa sabuni ya kufulia ya mkewe, akaigandamiza skrubu humo mpaka mistari yake ikajichora vizuri, akaenda na sabuni. Alimwambia mkereza kwamba ni kazi ya mteja wa mbali, amkatie skrubu na nati yake kwa mfano ule. Mkereza, aliyependa kuuliza habari za watu lakini si za kazi, akatazama mistari imelala upande gani kwenye sabuni, akaikata hivyohivyo. Sasa, alama ya kitu kwenye sabuni ni kama sura kwenye kioo, kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Skrubu ikatoka imenyooka, inang'aa, na imekatwa kinyume cha skrubu za dunia nzima. Majiliwa ya watu hufungwa kwa kuzungusha kulia na kufunguliwa kwa kushoto. La Mzee Sahihi likawa linafungwa kwa kushoto na kufunguliwa kwa kulia.

Mtu mwingine angeirudisha. Mzee aliwaita wanafunzi wake akawaeleza kwamba ameliboresha jiliwa, kwa sababu mkono unaovuta kuelekea upande wa moyo una nguvu zaidi. Wakatikisa vichwa. Vizazi kadhaa vya mafundi vikapita kwenye chumba kile na kutawanyika mjini, na mpaka leo ukimwona mtu mzima anafunga bomba huku maji yanazidi kumrukia, au anakaza balbu ikamdondokea mkononi, usimcheke. Muulize alisomea kwa nani.

Aliyeumia zaidi ni binti yake mkubwa. Watu walimwita Spana tangu akiwa mdogo, kwa kuwa ndicho kitu alicholala nacho kifuani badala ya mwanasesere. Alipofika umri akapelekwa chuo cha ufundi, na siku ya kwanza mwalimu akamwita mbele aonyeshe namna ya kubana kipande cha chuma. Akaushika mpini kwa madaha ya mtoto wa fundi, akauzungusha kama alivyolelewa, taya la jiliwa la chuo likachomoka na kuangukia mguuni pa mwalimu. Darasa lilicheka mpaka muhula ukaisha. Aliporudi likizo alimuuliza baba yake, kwa heshima na machozi, kama jiliwa la nyumbani ni la kinyume. Mzee alimjibu bila kupepesa kwamba ndiyo, amegundua lina hitilafu ya kiwandani, na tayari amekwisha kubadilisha skrubu. Kisha akalitupia gunia, akasema lisiguswe mpaka grisi ikauke. Grisi haikauki, lakini mtoto anayelia haulizi mambo ya grisi. Tangu siku hiyo, kila Spana alipokuwa nyumbani, Mzee alibana vyuma vyake mwenyewe, amempa binti mgongo mpana usiopenyeka.

Spana akaifundisha mikono yake upya. Kulia funga, kushoto fungua, alijiimbia kimoyomoyo kwa miaka, mpaka mikono ikakubali. Akapata kazi kwenye kiwanda cha pampu, akawa fundi hasa, hadi kiwanda kilipofungwa naye akarudi nyumbani na sanduku la vyombo. Wakati huo Mzee alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha mlangoni, paa la karakana likiwa limevuja juu ya gunia msimu baada ya msimu, na jiliwa likiwa limefungamana kwa kutu kiasi cha kuonekana limezaliwa hivyo.

Basi akawa anafanyia kazi barazani, chini, vyuma amevibana kwa magoti na nyayo. Walimletea pampu, vinu, baiskeli, naye alizitengeneza zikatengenezeka, lakini wateja walikuwa wanamtazama kwa huruma, na huruma ni kitu kizuri kwa mgonjwa, si kwa fundi. Alichotaka ni chumba kile. Meza ile, dirisha lile, na kitu cha kumshikia chuma ili magoti yake yarudie kazi yaliyoumbiwa.

Chumba hichohicho kilitakiwa na mdogo wake, aitwaye Meneja. Meneja alikuwa mtu wa semina. Alianza na biashara ya kuku, kuku wakafa. Akafuatia biashara ya chakula cha kuku, na wenye kuku wakapungua. Sasa alihisi amepata uzoefu wa kutosha kufungua ofisi ya ushauri wa biashara, na viti vya ofisi hiyo, kimoja cha kuzunguka, alikuwa ameshavihifadhi kwa rafiki. Alisema chumba cha mbele ni uso wa nyumba, na uso haupakwi grisi.

Shauri likapelekwa kwa Mama, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Mama, yeye ndiye aliyekuwa na akili ya kuinunua wakati mumewe yuko bize na kuwa sahihi. Mama alisikiliza pande zote mbili huku anapepeta mchele, akang'oa jiwe moja, akahukumu.

"Karakana isiyo na jiliwa ni stoo," alisema. "Spana, hilo dude ukilifufua mpaka Jumamosi, chumba chako. Likikataa, mdogo wako aingize viti vyake, na wewe urudi barazani bila kununa."

Meneja akakubali kwa sharti moja, kwamba atalijaribu yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu fundi akikwambia kitu kimepona, mara nyingi kimepona mdomoni tu. Mama akaona ni haki. Mlangoni, Mzee Sahihi alipaliwa na mate yake mwenyewe, wakampiga mgongoni mpaka akatulia.

Spana alianza kazi kwa furaha ya mtu aliyepewa adui anayemfahamu. Alilivua gunia, kutu ikamwagika mezani kama unga mwekundu. Alilisugua kwa brashi ya waya, akainywesha skrubu dizeli, akaiacha ilale nayo, akaipasha moto kwa mtungi wa gesi, akaigongagonga huku na huku ili kutu iachane nayo kwa amani. Alipoona inatosha alivisha mpini bomba refu ili apate nguvu, akashika mwisho wa bomba, akaimba wimbo wake kimoyomoyo, akavuta. Kushoto.

Mzee Sahihi aliona kutoka kwenye kiti chake, akafumba macho. Kushoto ndiko lilikofungwa. Kila binti alipojitutumua kulifungua alikuwa analikaza. Dizeli yote ile, moto wote ule, umesafisha njia ili mataya yazidi kung'atana. Na dawa ilikuwa neno moja tu, neno la kawaida ambalo hata mtoto hulijua, na Mzee alikuwa analo mdomoni. Tatizo ni kwamba neno hilo halikuja peke yake. Ukilitamka "kulia", nyuma yake zinafuata skrubu, nyundo, sabuni, hitilafu ya kiwandani, na darasa zima likicheka.

Habari zikaenea mtaani kwamba kwa Mzee Sahihi kuna chuma kimegoma, na kwa kuwa hakuna mtaa usio na mainjinia, wakaja. Mmoja akaagiza siki, mwingine soda, mwingine maji ya betri. Mwenye duka la simu akauliza kama wamejaribu kulizima na kuliwasha, akacheka peke yake. Mshonaji wa jirani, mama mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni hata akienda msibani, alisema chuma husikia na waache kukifokea. Wote walipewa nafasi ya kuvuta bomba, na wote, kwa umoja na mshikamano, walivuta kushoto.

Mzee akajaribu kuokoa hali kwa mafumbo. Alisema kwa sauti ya kutazama mbali kwamba chuma ni kama mwanadamu, ukimvutia upande mmoja tu hukataa. Spana alimshukuru kwa hekima hiyo akavuta tena kushoto. Mzee akachukua redio yake, akaanza kuizungusha sauti kwenda kulia, kulia, kulia, mpaka mtaa mzima ukasikia matangazo ya vifo. Spana akamwomba apunguze. Mezani alikoroga chai kwa mizunguko mikubwa ya kuelekea kulia, macho kwa binti.

"Unaumwa?" Mama akamuuliza.

"Mzima kabisa."

"Mbona unakoroga chai ambayo hujatia sukari?"

Ijumaa bomba likapinda. Spana alikuwa amelivuta kwa uzito wake wote, miguu imepanda ukutani kati ya kivuli cha nyundo na kivuli cha msumeno, na chuma kilichokubali kuregea ni cha bomba. Alikaa chini sakafuni kwa muda, viganja vimemwiva. Hakulia, alikuwa ameshamaliza machozi ya jiliwa tangu chuoni. Halafu akainuka, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa msumeno wa chuma, akauweka wembe wake juu ya skrubu. Alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba akiikata taya litatoka, na skrubu nyingine ataitafuta.

Hakuna asiyejua kwamba skrubu nyingine ya jiliwa lile haipatikani kwa siku moja, wala kwa siku nyingi. Mzee alisikia msumeno ukikwaruza mara moja, ule mkwaruzo wa kwanza wa kutafuta njia. Akajikuta amesimama.

"Weka msumeno chini."

"Baba, kesho Jumamosi."

"Siku za juma nazijua kabla hujazaliwa. Nipishe. Na nenda kaniletee maji ya kunywa."

"Maji yako yako chini ya kiti chako, Baba, nayaona."

Mzee akaushika mpini, akampa binti mgongo kama zamani, na kwa mikono yote miwili inayotetemeka akasukuma kwenda kulia. Jiliwa halikushtuka. Akasukuma tena, jasho likamtoka kwenye paji, na jiliwa likaendelea kumtazama kama mtu asiyemkumbuka. Spana alikuwa amelikaza vizuri mno. Binti wa fundi bwana, alijisemea Mzee, na katikati ya mateso yale akaona fahari kidogo. Mgongo wake ulikuwa mpana wa kutosha kuficha siri, lakini haukuwa tena na nguvu ya kuifungua.

"Njoo tusukume wote," alisema bila kugeuka.

"Upande gani?"

Barabarani mkokoteni ulipita ukalia gurudumu, ukaenda zake.

"Upande huu niliosimama mimi," Mzee akasema.

Spana akaja, akasimama ubavuni mwake. Aliutazama mpini, akautazama mkono wa baba yake, akahesabu kichwani ni upande gani huo, na uso wake ukapitiwa na mawingu kadhaa. Wakavisha mpini lile bomba lililopinda, ambalo kwa upande huu upinde wake uliwafaa, wakasukuma pamoja. Jiliwa likatoa mlio mkali, mlio wa mlango wa kaburi la mtu tajiri, mshonaji akatoka mbio dukani kwake na futi yake, na mataya yakaachana upana wa kucha.

"Lilikuwa linamtaka mwenyewe," Mzee akatangaza, akarudi kwenye kiti chake.

Mchana ule wote Spana alikuwa akilivua jiliwa kipande kwa kipande na kulisafisha. Hii ndiyo sehemu ya ufundi aliyoipenda, pale kitu kinapoanza kukukumbusha kwamba kiliwahi kuwa kizuri. Aliyasugua mataya mpaka meno yake madogo yakahesabika. Akaupiga msasa mwili wake, akaupaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo la geti la watu. Skrubu aliiacha mwisho. Aliiosha kwa dizeli, akaifuta kwa kitambaa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akatoa bolti ya kawaida mfukoni na kuziweka sambamba. Mistari ya moja ililala huku, ya nyingine ikalala kule, kama mke na mume waliogombana.

"Baba," alisema, "ile hitilafu ya kiwandani ulisema uliibadilisha."

"Niliibadilisha."

"Ikawaje?"

Mzee akafikiri. "Ikajirudia."

Spana akaanza kucheka. Alicheka ameegemea meza, kisha ameinama, kisha amekaa sakafuni na skrubu mapajani, akajipaka dizeli usoni kwa kufuta machozi, na kila alipokaribia kunyamaza alitazama skrubu akaanza upya. Mzee alitazama barabarani kwa makini, kama aliyekuwa anahesabu mawe.

"Darasa zima lilinicheka, Baba," alisema alipopata pumzi. Na hapo hakuwa anacheka sana.

"Najua." Mzee alikiminya kitufe cha redio bila kuiwasha. Alikuwa na sentensi nyingine nyuma ya hiyo, ndefu zaidi, aliyoibeba kwa miaka, ikafika mpaka kwenye meno. "Tia grisi ya kutosha kwenye nati," akasema.

Spana akatia grisi ya kutosha.

Jumamosi wakakusanyika. Mama alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba kama jaji. Mshonaji alikuja kwa kuwa alisikia ule mlio na sasa alitaka mwisho wake. Walikuja pia mafundi wawili wazima waliopata kuwa wanafunzi wa Mzee, waliosikia kwamba jiliwa la zamani limeamka. Meneja alifika na mkokoteni wa viti vyake, tayari kabisa, kile cha kuzunguka kikizunguka chenyewe kwa kila shimo la barabara. Jiliwa lilikuwa mezani, kijani, mataya yanang'aa, zuri hata mshonaji akaligusa kwa ncha ya kidole kama analipima kwapa.

Spana alianza kumweleza mdogo wake kwamba kabla hajazungusha kuna jambo moja dogo. Meneja akanyoosha kiganja.

"Dada, mtihani hauna kuelekezana. Mimi mtu wa nje, mteja wa kawaida. Likinishinda mimi litawashinda wote."

Akaweka kipande cha bomba katikati ya mataya, akashika mpini, akauzungusha kulia kama binadamu yeyote mwenye akili timamu. Mataya yakaachana. Bomba likaanguka mezani. Meneja, aliyefundishwa kwenye semina kwamba mshindi haachi, akaendelea kuzungusha kulia kwa bidii na imani. Jiliwa lilikuwa limetiwa grisi vizuri, likateleza kama siagi, taya la mbele likatoka, likatoka, likatoka lote, likaanguka kwa kishindo katikati ya viatu vyake vyenye ncha.

Vumbi likashuka.

"Ndiko kupona huko?" Mama akauliza.

Meneja alikuwa ameshageuka kumwashiria mwenye mkokoteni ashushe viti.

Mzee Sahihi akasimama. Hii ilikuwa mara ya pili kwa siku mbili kiti chake kumtupa namna hiyo. Alijua kinachotakiwa: sentensi moja fupi, na binti yake angepata chumba. Alifungua kinywa. Akawaona wanafunzi wake wawili wazima wenye mvi, waliowafundisha watoto wao kwamba mkono wa upande wa moyo una nguvu zaidi, wamemtazama wanasubiri aseme kosa ni la nani. "Hilo jiliwa," alianza, na hapo sauti ikakwama, ikazunguka mahali pamoja. Akajaribu tena. "Hilo jiliwa, mimi..."

"Ni mimi, Mama," Spana akadakia. "Nilitaka kumwambia, akanikataza. Nimelifunga kinyume makusudi. Tazama huo ukuta, vyombo vyote vimeondoka na watu. Hili nimelifanya limjue mwenyewe tu. Mtu akija kulitumia bila ruhusa atazungusha mpaka limwangukie mguuni. Si umeona?"

Wote wakatazama viatu vya Meneja.

Mmoja wa wale mafundi wenye mvi akamgonga mwenzake kwa kiwiko, akamnong'oneza kwamba si alimwambia siku nyingi kwamba ni mambo ya wezi haya. Spana aliliokota taya, akalirudisha kwenye reli yake, akaweka bomba katikati na kumwomba Mama aje. Mama akafunga kanga yake vizuri, akaushika mpini, akaambiwa azungushe kushoto. Mataya yakaja taratibu, yakalibusu bomba, yakaling'ata. Mama akaongeza kidogo kwa ubavu. Meneja akaitwa alichomoe. Akavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa mguu juu ya meza na heshima zake zote za ushauri pembeni, na bomba likabaki pale kama limepandwa.

"Chumba cha Spana," Mama akasema. "Viti virudi."

Meneja hakuwa mtu wa kukaa na huzuni muda mrefu, hiyo ni sifa lazima apewe. Aliliangalia jiliwa, akaliangalia tena, macho yakaanza kuwaka, akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua habari za teknolojia hii, na kama wazo lenyewe limeshaandikishwa.

Kutoka mlangoni kikaja kikohozi cha kusafisha njia.

"Wazo," Mzee Sahihi akasema, "lilikuwa langu."

Watu wakamgeukia. Alikuwa ameketi tena, magoti pamoja, uso mtulivu. Mikono tu ndiyo aliyoibana chini ya makwapa isionekane. Spana alimtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko watu walivyozoea kumtazama mtu wanayempongeza. Pembe ya mdomo wake ilicheza, akaizuia, ikacheza tena.

"Kweli," alisema. "Lilimjia lenyewe. Hata yeye hakutegemea."

Mafundi wenye mvi wakaenda kumpa Mzee mkono, mmoja baada ya mwingine, naye akautoa mkono wake kwapani akawapa. Mama alirudi kwenye mchele wake anatingisha mabega bila sauti. Viti vikaondoka, isipokuwa kile cha kuzunguka, ambacho Meneja alikiweka barazani, akakalia, na kabla jua halijahama alikuwa anamshauri mshonaji juu ya mustakabali wa vifungo.

Mteja wa kwanza alileta pampu ya maji yenye mhimili uliopinda. Spana aliibana kwenye jiliwa. Mikono yake ilizungusha mpini kushoto bila kuuliza, bila wimbo wowote, kama vile imeruhusiwa kurudi kuzungumza lugha ya kwao. Mhimili ulikuwa mrefu, ukawa unachezacheza upande wa nje, unahitaji mtu wa kuushikilia. Akatazama mlangoni.

"Baba, sogeza kiti huku ndani. Nishikie ncha hii. Lakini usinishauri."

Mzee alisogeza kiti, akakipitisha kizingiti, akakiweka kando ya meza. Akaushika mhimili kwa mikono yote miwili. Kwa kuwa ncha ya pili ilikuwa kwenye meno ya jiliwa, haukutetemeka hata kidogo. Alikaa kimya kwa muda usiotosha kumeza mate, kisha akaanza kushauri.